Anwani ya Lakica

Ayoo, uko? Dada yangu Lakica na mumewe wametolewa kambi ya polisi. Leo hii.

Ni ile tovuti yake ya keki. Unakumbuka alivyohangaika kuiingiza kwenye zile saraka za biashara za bure mtandaoni, ili wateja wampate? Zote zilimkataa. Weka anwani, weka anwani.

Sasa Kampala hii nani ana anwani? Akaziandikia zote tu vile anavyoelekezaga watu wa boda: "Kambi ya polisi, nyumba ya nyuma ya ghala la silaha. Pitia pale uzio umeanguka, ni karibu."

Saraka moja ikamkubali. Siku hiyo alitupikia pilau.

Leo asubuhi mkubwa wa kambi kamwita shemeji Oyet, kampa simu. "Konstebo, soma." Akasoma. "Soma tena, wenzako wasikie."

Nyuma ya ghala la silaha, Ayoo. Pitia pale uzio umeanguka. Mbele ya kambi nzima.

Lakica ameomba watu wa saraka wafute. Wamemwambia asubiri zamu yake.

Tuko kwenye pikapu na vitanda, tunakuja kwangu Bwaise. Simu ya Lakica imelia sasa hivi, ni saraka nyingine: "Hongera. Anwani yako imethibitishwa."