Kiti cha Mgeni Rasmi

Jumatatu, 4 Mei

Viatu nimepiga rangi saa kumi na mbili, kama kila siku. Tai nimefunga. Kisha nimekaa. Mwaka wa pili huu tangu nistaafu, na bado najiandaa kwenda kupanga viti vya wakubwa.

Chai. Mkate. Redio nimeizima, wanaongea mno.

Upepo tangu alfajiri. Vumbi la mtaa wetu, Area D, limeingia mpaka kwenye maboksi ya vitabu vyangu sebuleni. Nimefuta.

Jumatano, 6 Mei

Dukani kwa Bi Mwajuma, muuza vitabu. Amenirudishia nakala zote za kitabu changu isipokuwa mbili. Moja kanunua mwalimu wa chuo kutoka Chimwaga. Nyingine imeibwa. Hiyo iliyoibwa ndiyo imenipa faraja kidogo.

Anasema jina linatisha watu: Misingi ya Itifaki na Uratibu wa Hafla za Umma. Kitabu kizito, hakina picha, na sura nzima ya kwanza ni historia ya itifaki. Akaniuliza nilimwandikia nani. Nikasema taifa. Akacheka mpaka akashika kaunta.

"Taifa halinunui kitabu, Mzee Yona. Ananunua mtu mmoja, tena ana haraka."

Nimekasirika njia nzima. Nyumbani nikakifungua. Sura ya kwanza imenipa usingizi.

Jumamosi, 16 Mei

Nimepata mgeni! Bi Mwajuma kamtuma Neema, mshereheshaji wa Chang'ombe. Harusi, kipaimara, misiba, yote anaongoza yeye. Kaja na soda mbili na daftari. Shikamoo yake ya kupiga goti. Akakaa kwenye kiti cha Esta, mke wangu. Nilitaka kumwambia ahame. Nikafungua soda.

Kitabu changu alikuwa amekisoma kwa Bi Mwajuma kabla hakijarudishwa. Akatoa nakala boksini, akanionyesha kurasa za mapokezi ya rais uwanja wa ndege.

"Baba, mimi rais nitampokea wapi?"

Halafu maswali. Marehemu ana wake wawili, nani akae mbele? Mchungaji na diwani wameingia pamoja, nani atambulishwe kwanza? Bibi harusi kalelewa na mjomba, na baba mzazi katokea siku ya harusi, nani akae meza kuu? Kumi na manne. Nimejibu yote bila kufikiri. Hakuna hata moja lililomo kitabuni. Aibu.

Ameondoka saa kumi. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Esta alikuwa akiniuliza hivyo hivyo huku anamenya karanga. Nani alikaa wapi leo? Nani kanuna? Miaka mitatu sasa tangu nimzike, hakuna anayeniuliza.

Jumanne, 26 Mei

Ninaandika upya. Kila sura swali moja, jibu, na mchoro wa viti. Ukubwa wa kuingia mfuko wa koti au pochi ya mama. Historia ya itifaki nimeitupa yote. Imeniuma mno.

Jina kalitoa Bi Mwajuma: Nani Akae Wapi? Nimeliona la kihuni. Lakini tangu jana nalitamka mwenyewe jikoni.

Bado dibaji. Lazima iwe ya Mheshimiwa. Miaka tisa ya kazi nimetembea hatua mbili nyuma yake. Mimi ndiye niliyejua sikio lake la kushoto halisikii vizuri, na kila mtu wa maana nikamweka kulia. Hakuwahi kuniambia. Niliona tu.

Bi Mwajuma anasema jina lake likiwa kwenye jalada, kitabu kitatoka. Mimi simtaki kwa ajili ya kuuza. Nataka aandike kwamba nilikuwepo.

Ijumaa, 12 Juni

Ujumbe wangu wa kumwomba Mheshimiwa dibaji umesomwa. Kimya.

Nimepiga. Kapokea msaidizi wake.

"Yona yupi?"

Nikasema Yona wa itifaki. Akasema watanirudia. Neno hilo nalijua. Nimewaambia watu wengi mno, kwa sauti ile ile ya upole.

Sijala.

Alhamisi, 18 Juni

Bi Mwajuma amechoka kusubiri. Dibaji aandike Neema, anasema, kwa kuwa watakaonunua ni wenzake. Nimekataa kabisa. Mshereheshaji hawezi kukaa mahali pa Mheshimiwa. Tumegombana kwenye simu.

Jioni Neema kaniletea nusu ukurasa. Hakusubiri hata nimkaribishe. "Mzee huyu alinijibu maswali kumi na manne bila kunidharau." Nimesoma mara tatu, nimesimama mlangoni. Kesho inakwenda kwa mchapaji.

Saa moja usiku simu. Msaidizi. Mheshimiwa hataandika, ila atakuja kuzindua kitabu, Jumamosi ya tarehe 27, awe mgeni rasmi. Nimekaa chini. Ananikumbuka!

Jumamosi, 27 Juni

Ukumbi wa kanisa, Chang'ombe. Nimefika saa kumi na mbili kupanga viti mwenyewe. Meza kuu, kitambaa cheupe. Kiti cha mgeni rasmi katikati. Cha mwenza wake kulia, upande wa sikio zima. Wasichana wa kwaya wakaniuliza mimi nitakaa wapi. Nikawaonyesha ukutani, karibu na mlango. Ndipo ninapokaa siku zote. Yaani, ndipo ninaposimama.

Saa nne watu wamejaa. Washereheshaji wa mji mzima, na akina mama wa kamati za harusi. Saa nne na nusu ujumbe: Mheshimiwa anaomba udhuru. Maneno hayo tu. Hakupiga.

Nilitamani kuondoka. Nikamwonyesha Neema simu. Akasoma, akachukua kipaza sauti, na kwa mkono mwingine kitabu changu.

"Sura ya tatu, ndugu zangu. Nanukuu. Kiti cha mgeni rasmi kisiachwe wazi. Atafutwe mwenye heshima kati ya waliopo, aketishwe, shughuli ianze."

Akanigeukia. "Baba, umeandika mwenyewe. Njoo ukae."

Ukumbi wote ukasimama. Miaka yote ile ya kazi sikuwahi kukaa kiti kile, hata kukijaribu. Nimekaa. Ni kigumu kuliko nilivyodhani. Kutoka pale unaona nyuso zote. Nililia kidogo, sikujificha.

Kulia kwangu kile cha mwenza kilibaki wazi saa zote mbili. Sura ya tatu haisemi lolote juu yake.

Jumapili, 28 Juni

Viatu sikupiga rangi leo. Ibada ya kwanza, kisha nyumbani. Upepo umetulia.

Bi Mwajuma kaandika: nakala zilizobaki nimpelekee kesho, boksi lote, na tuongee na mchapaji. Mheshimiwa hajapiga. Nimeangalia simu mara moja tu.

Neema kaniuliza kwa ujumbe, bila kuzunguka. Mgeni rasmi akiwa amefiwa na mwenzi, kile kiti cha pembeni kinafanywaje? Anataka jibu liwemo tutakapochapa tena.

Nimeandika: Kiondolewe mapema, kabla hajafika. Asikione.

Nimemtumia. Kisha nikapakua chakula na kukaa mezani. Kiti cha Esta bado kipo mbele yangu. Nimekiacha.