Kobe Wako Amepona, Rehema

Mwanangu Rehema,

Kobe wako amepona. Habari hii nimekaa nayo wiki nzima sina wa kumpa, maana ni wewe peke yako ungeirukia kwa furaha.

Unakumbuka mbwa wa jirani alipomtafuna ukingo wa gamba, kule kwetu Jorodom? Ulikuja dukani kwangu unalia, umembeba huyo kobe wako wa majini kwenye beseni. Nikataka kumpaka mafuta ya kupikia. Bwana mifugo alikuwa ananunua sukari, akanizuia.

"Mafuta hapana, mama. Mwoshe kwa maji safi ya uvuguvugu na mswaki laini. Halafu ayodini, uizimue mpaka ifanane na chai nyepesi. Akae pakavu kwanza, ndipo arudi majini. Fanya hivyo kila siku mpaka kidonda kikauke."

Ulimshika, nikasugua.

"Mama, polepole, anaumia."

"Gamba ni kama kucha, halisikii."

Bwana mifugo akacheka. "Mtoto yuko sahihi. Linasikia."

Ulinitambia siku nzima. Na kila asubuhi ulimwamkia shikamoo, kwa sababu ya ile shingo yake yenye makunyanzi.

Kisha asubuhi ile mlima ukatushukia na tope na mawe. Mimi na baba yako tulivutwa topeni tukiwa hai. Wewe hatukukuona. Watu walichimba, mitambo ikachimba, mpaka wale waliokuwa wanatuambia tusikate tamaa wakanyamaza.

Baadaye jirani yetu, Mama Yohana, alikuja na kitu amekifunga kwenye kanga. "Mama Rehema, huyu si wa mtoto wako?"

Gamba lilikuwa na mikwaruzo mirefu, na ukingoni, pale pale alipotafunwa na mbwa, kipande kidogo kimemeguka. Nilimchukia, mwanangu. Tope lile lile, yeye limemrudisha. Nilitaka kumtupa mtaroni. Badala yake nikapasha maji.

Nilimsugua polepole, kama ulivyotaka. Wanawake walisema ni ishara, mtoto naye atarudi. Nikaamini. Kila siku nilipompaka dawa nilijiambia, hapa pakifunga, Rehema ataonekana.

Pamefunga. Hujaonekana.

Sasa tumepanga chumba Mogitu. Kobe anakula dagaa, anaogelea, hana shida yoyote. Namlisha, nambadilishia maji, naondoka. Siku hizi mlango ukigongwa sigeuki tena.

Jana baba yako alitoka msikitini, akakaa karibu yangu. Kisha akasema, "Mama Rehema, tumsomee mtoto dua ya marehemu." Miezi yote hii alipoyasema maneno hayo nilikuwa naamka na kutoka nje. Jana sikuamka. Nilimjibu, "Tumsomee."

Tutakusomea Ijumaa. Kaburi huna, kwa hiyo nitakaa nimeuelekea mlima.

Lala, mwanangu.

Mama yako