Taa ya Friji Mpya

Yerusalemu, Jumapili

Kwa msaada wa Mungu

Dada yangu mpenzi Shifra,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa binti yangu Tirtza. Natumai barua hii inakukuta mzima, goti limetulia, na shemeji ameacha kubishana na daktari wake. Sisi huku hatujambo. Joto limezidi na mabomba ya jengo letu yanakoroma, lakini afya tunayo. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu hunipi nafasi, dada. Nikisema neno moja wewe umeshasema kumi, na habari hii nataka uisikie mpaka mwisho bila kunikatiza.

Habari yenyewe ni ya Tirtza. Unajua nilivyohangaika naye tangu mume wangu Nachum atutoke. Wenzake karibu wote wameolewa, wanasukuma vigari vya watoto, na yeye kila kijana anayeletwa anamtoa kasoro. Wa kwanza alisema anacheka kama mbuzi. Wa pili ni masikio. Wa tatu hakuwa na kasoro yoyote, naye akasema hiyo ndiyo kasoro yenyewe. Mshenga alifika mahali akawa akiniona sokoni anavuka barabara. Halafu akaja huyu Gedalya, mwembamba, mpole, miwani imefungwa kwa gundi. Siku Tirtza aliporudi kutoka kuonana naye mara ya kwanza, alitia chumvi kwenye chai yake akainywa yote, nikajua mambo yameiva. Lakini kila nikimtaka jibu anasema tusubiri kwanza. Miezi ikapita, tusubiri kwanza.

Mwishowe wazazi wa kijana wakaomba kuja kula nasi usiku wa Sabato. Mshenga alinieleza wazi kwamba Bi Yocheved, mama yake Gedalya, hatazami mali wala ukoo. Anachotaka ni nyumba yenye imani, na akiona haimo, posa inaishia hapo. Mumewe ni Rabi Zalman, mwalimu ambaye wanafunzi wake husimama akipita hata kama amekuja kununua vitunguu tu. Niliogopa, Shifra. Vikombe ningeweza kuazima kwa jirani, hata kitambaa cha meza. Imani haiazimwi.

Sasa wiki hiyohiyo friji yetu ya zamani ikafa. Unaikumbuka, ile ambayo Nachum aliing'oa taa tulipooana, kwa sababu kila Ijumaa nilikuwa nasahau kuizima, na tangu hapo tukawa tunatafuta siagi kwa kupapasa. Ulinicheka ukasema siku moja nitapaka haradali kwenye keki. Friji mpya ililetwa Jumatano. Ni kubwa, nyeupe, na ukifungua mlango ndani kunawaka utadhani ukumbi wa harusi. Tuliipenda hiyo taa, mimi na Tirtza, tukawa tunafungua bila sababu. Kwa ajili ya joto nilipanga chakula chote kiwe cha baridi, basi tukajaza mle ndani samaki wa kusaga, kuku, ulimi wa ng'ombe, saladi na keki ya tufaha. Nje ilibaki mikate ya kusuka, divai, na sufuria ya supu juu ya bamba la umeme.

Ijumaa jioni nikawasha mishumaa, Sabato ikaingia. Wanaume walikuwa sinagogi. Bi Yocheved alikaa sebuleni na kitabu chake cha sala, amenyooka, hata feni haikuthubutu kumpeperusha kilemba. Tirtza akaenda jikoni kutoa samaki, nami nikamfuata. Nilimkuta amesimama mbele ya friji, mkono umebaki hewani.

"Mama," akaninong'oneza, "taa."

Wewe huhitaji kuelezwa, maana ndiwe uliyenifundisha nikiwa mdogo. Ukivuta mlango, taa imewaka. Taa ikiwaka kwa mkono wako, Sabato umeivunja. Chakula chote cha wageni kilikuwa nyuma ya ule mlango mpaka kesho yake usiku, Sabato itoke. Yule dada wa Kifilipino anayemtunza mzee wa ghorofa ya chini, ambaye si Myahudi na Sabato haimfungi, na kwa kawaida mtu hujipitisha mbele yake akilalamika kwa sauti kuhusu friji mpaka aelewe mwenyewe bila kuombwa, alikuwa amekwenda kwa wenzake. Nilitamani nicheke, nikashindwa.

Wanaume wakarudi, wakaanza kuimba ule wimbo wa kuwakaribisha malaika wa Sabato. Nikamtuma Tirtza akakae nao atabasamu. Nikabaki peke yangu jikoni, na mkono wangu ukaenda wenyewe mpaka kwenye kishikio. Sebuleni wanaimba, nani angejua? Ningefungua, ningetoa sahani, ningefunga. Wageni wangekula wakashiba, wakaondoka wakisema nyumba hii ina imani. Nilisimama hivyo, kishikio mkononi, sivuti wala siachii. Ndipo Bi Yocheved akaingia kuuliza kama nataka msaada.

Akautazama mkono wangu. Akaitazama friji, bado ina karatasi ya duka mlangoni. Akaelewa, ni mwanamke gani wa kwetu asingeelewa? Ningeweza kusema nimeegemea tu. Lakini sijui kilichonipata, dada, nikamwambia ukweli wote, mimi niliyekuwa nimejiandaa kuonekana mtakatifu. Nilimwambia kwamba aliyekuwa akishughulikia mambo ya taa ni marehemu. Nikamwambia kwamba tangu tumzike Nachum mimi na Mungu hatusemezani, kwamba nafuata kila sheria, nyama mbali na maziwa mbali, lakini nafuata bila neno, na kwamba hata mishumaa ile aliyoniona nikiiwasha jioni hiyo niliiwasha bila kusema baraka yake. Nafunika macho kwa viganja, nasimama muda wa kutosha, nafunua. Miaka miwili sasa. Hata wewe hukujua, nisamehe. Nilipomaliza nikajisemea, haya, nimemvunjia mwanangu ndoa kwa mdomo wangu mwenyewe.

Bi Yocheved alivuta stuli akakaa. Akaniuliza nimesimama pale tangu saa ngapi. Nikasema tangu walipoanza kuimba, nao walikuwa kwenye ubeti wa mwisho.

"Na hukufungua."

Nikamwambia sikufungua, na sababu siijui, pengine ni mazoea tu.

"Mimi na Rabi tuliwahi kununiana mwezi mzima," akasema. "Kila jioni nampakulia chakula, nampa mgongo. Lakini hata siku moja sikukizidisha chumvi. Wewe na Mungu mmenuniana tu, Mama Tirtza. Hamjaachana."

Kisha akainuka kama mtu aliyesema habari za hali ya hewa, akamwita Tirtza, akamwambia apande juu kwa jirani yetu Bi Mazal aseme tumefungiwa nje ya chakula chetu. Bi Mazal alishuka mwenyewe na samaki wake wa Kimoroko, wamezama kwenye pilipili, na biringanya, na maneno mengi kuhusu watu wanaonunua vitu vya kisasa. Tukala supu, mikate na samaki wale. Rabi Zalman, ambaye nadhani pilipili alikuwa akiisoma vitabuni tu, alitoa jasho mpaka ndevu zikalowa, akasema kwa sauti ya kukauka kwamba sasa ameelewa mateso ya Misri, kisha akasogeza sahani aongezewe. Gedalya alicheka mpaka miwani ikaachia. Nyumba yangu haikuwa imesikia kicheko cha namna ile siku nyingi.

Sabato ilipotoka, mshenga akapiga simu: wazazi wamekubali, tena kwa furaha, wanasubiri neno la binti. Nikamgeukia Tirtza, nikijua safari hii hana pa kukwepea. Akasema, "Tusubiri kwanza, Mama." Nikapandwa na hasira, Shifra. Nikamwuliza anataka malaika gani ashuke, na huyu wa leo masikio yake yana nini. Akawa anachezea ukingo wa kitambaa cha meza.

"Hana kasoro," akasema. "Hata wale wengine hawakuwa nayo. Ila nikiondoka, nani atasema baraka?"

Sikumwelewa. Ndipo akanieleza polepole, bila kunitazama, kwamba alijua tangu wiki ile ya kwanza baada ya matanga. Kila Ijumaa, mimi nikiwa nimefunika macho, yeye husimama nyuma yangu na kuisema baraka kwa kunong'ona, ili mishumaa ya nyumba yetu isikae bila neno. Aliogopa kwamba akiolewa nitawasha gizani.

Dada, nimemlilia Nachum, lakini sikuwahi kulia namna ile.

Ijumaa iliyofuata, yaani juzi, nikawasha. Nikafunika macho. Sauti ikatoka kama mlango wa stoo, lakini niliisema baraka, nzima, kwa sauti, mpaka mwisho. Sitakudanganya kwamba hasira imekwisha. Baada ya baraka nina mengi ya kumwuliza Mungu, nami nitamwuliza. Lakini tunasemezana. Nyuma yangu palikuwa kimya. Nilipofunua macho Tirtza alikuwa amesimama, mashavu yamelowa, mikono mitupu.

"Amina," akasema. "Sabato ikitoka waambie kina Gedalya nimekubali."

Nimewaambia jana. Harusi ni baada ya Sikukuu ya Vibanda, nawe huna ruhusa ya kuumwa goti mwezi huo. Tirtza anakusalimu sana, mama yake mkubwa, anasema umletee kile kilemba cha bluu ulichomwahidi. Msalimie shemeji na watoto wote, mkubwa kwa mdogo, na majirani wa ngazi yenu wanaonikumbuka. Mungu akulinde, akupe usingizi mzuri na miguu ya kuchezea harusi.

Mimi mdogo wako akupendaye,

Perel