Wanadhani Do Inatoka Kwako

Papa Maestro,

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kifaransa ningeandika vizuri zaidi, kama kazi ya kumpa mwalimu, na ningepata mahali pa kujificha.

Siku uliyofariki, redio ilipiga nyimbo zako asubuhi nzima. Zile za rumba, ulizopigia gitaa kwenye baa ukiwa kijana. Za vijana wa rap uliowarekodi katika chumba chako chenye magodoro ukutani. Kisha misa za kwaya yetu. Mtangazaji akasema Likasi haitapata tena masikio kama yale. Nikazima. Ni wewe na mimi tu tuliojua kwamba masikio yale yalikufa kabla yako.

Siku niliyogundua, nilikuita mara tatu nyuma ya mgongo wako. Hukugeuka. Kiganja chako kilikuwa juu ya spika, unasikiliza kwa mkono. Uliponiona ukacheka: “Weye mutoto, funga kinywa. Unipatie tu do.”

Karatasi zetu za solfa hazisemi do, noti ya kwanza, ianzie wapi. Wewe ulikuwa unapima makoo ya siku ile, vumbi la malori ya migodi ya Kakanda, baridi ya Juni, ndipo unachagua. Ukanifundisha kupima wakati watu wanasalimiana mlangoni. Wewe ulifunika mdomo, ukainamisha kichwa, kana kwamba sauti inatoka kwako. Mimi, alto wa safu ya mbele, nilivuma chini kabisa, midomo imefungwa. Watu walisema ugonjwa wako umekondesha hata sauti yako. Hakuna aliyenitazama. Hakuna anayenitazama kamwe, unajua.

Papa, kwenye maziko yako nilinyamaza. Yaya Gaston, kaka mkubwa wa kwaya na msaidizi wako, alitafuta do kwenye simu, ikawa juu mno. Sauti za masoprano zikakatika katikati ya wimbo, mbele ya jeneza. Mama Régine, mmoja wao, akalia: “Maestro amekwenda na do yake!” Mimi nilikuwa nayo hapa, kooni. Niliogopa wataniuliza nimeipata wapi. Niliogopa kukuvua nguo mbele za watu. Hapana, niseme kweli: niliogopa kutazamwa.

Halafu Jumamosi iliyofuata, mazoezini, Gaston aliinua mkono, na nikaona kama unanigeukia. Nakuapia. Shati lako la bluu, kichwa kimeinama. Nikavuma. Sikukusudia. Kwaya ikaichukua, ikaimba safi kama zamani. Mama Régine akafanya ishara ya msalaba. “Njo yeye. Maestro iko hapa.”

Ilinipasa kusema hapo hapo. Sikusema. Jumamosi iliyofuata wakaweka kiti chako mbele, wakangoja, na mimi nikavuma tena. Walioacha kwaya wamerudi. Gaston anajisifu hadi sokoni: “Sisi iko na Maestro wawili, mumoja tu njo anakula!” Wanacheka, lakini hakuna anayepita karibu na kiti kile. Na mimi usiku nasikia mvumo ambao si wangu.

Jana mke wako alikuja. Mama Odile alikaa kando ya kiti, mkono juu yake. Nilipovuma alifumba macho. Baada ya mazoezi aliegemea kile kiti, akasema polepole, kama anavyosema na wewe: “Kama unakuja huku, mbona nyumbani hauji? Nimekukosea nini?”

Sikulala, Papa. Kwanza nilimficha siri ya masikio yako, sasa nimemwibia mama yule mume mara ya pili.

Kwa hiyo nisamehe. Leo baada ya misa nitakwenda kwake, kabla woga haujanishika. Nitasimama mbele yake, nivume huku ananitazama mdomo. Nitamwambia kuhusu masikio yako. Nitamwambia hukumwacha ukaja kwetu, kwamba hukosekani nyumbani tu. Unakosekana kila mahali. Labda atanipiga. Labda kwaya itanifukuza.

Lala sasa, Papa Maestro. Usinigeukie tena. Nakuahidi, mdomo wangu utakuwa wazi.

Mutoto wako wa safu ya mbele,
Clarisse