Samaki Aliyekula Mwili Wake

Buffalo, Jumanne

Na bado wenzangu wa maabara walidhani nimechanganya sampuli! Wiki nzima profesa ananitazama kama mzembe, kisa samaki mmoja mdogo tuliyemvua pale mto unapoingia ziwani.

Tunakausha nyama ya samaki, tunaisaga, kisha mashine inapima naitrojeni nzito. Ikiwa nyingi, basi samaki huyo anakula samaki wenzake. Huyu wa urefu wa kidole alionekana mla wenzake kuliko wote.

Leo nimempima tena mara tatu. Jibu lilelile. Profesa akasema, "Basi alikuwa na njaa. Njaa ikizidi, mwili unajila wenyewe, na mashine haijui tofauti."

Ilifaa nifurahi. Badala yake nilijifungia chooni nikalia.

Mwaka ule walipopunguza mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi, kabla hatujahamia huku, Mama alitupakulia ugali wote. "Kuleni, mimi nimeshiba." Tulimwamini. Tukagombania hadi ukoko.

Jioni hii friji imejaa, na bado Mama amekaa na sahani tupu. "Kula, mwanangu, nimeshiba."

Nikamwekea kipande cha nyama. Nilipogeuka kuchukua maji, kilikuwa kimesharudi sahanini kwangu.