Mstari wa Griffins

Jumanne, 7 Mei 1996
Kliniki tena. Mizani yenyewe ni ya kuning'inia kama ya bucha. Unamvalisha mtoto kaptula ya turubai, unamtundika kwenye ndoano, naye anapiga mayowe Dandora nzima isikie. Griffins wangu amewashinda wote kwa mayowe. Kwa uzito—hapana. Kilo nane na nusu. Aprili, nane na nusu. Machi, nane na nusu! Kwenye kadi mstari wake umelala tu, ya wenzake inapanda. Akina mama tunachunguliana kadi kama wanafunzi siku ya ripoti. Wa Warigia, jirani yangu wa kibanda cha mboga, juzi tu ametimiza mwaka na tayari amempita wangu wa mwaka na miezi minne.

Sista Mbeti amesema nimpe maharagwe, mayai, maziwa, na nisiache kumnyonyesha. Nimeitikia yote. Baba Griffins wamempunguzia siku za kazi kiwandani. Maziwa ni haya yangu tu.

Jumapili, 12 Mei
Nina mimba. Nilijua, ila sikutaka kujua.

Mama mkwe yuko hapa kutoka Bungoma. Amenikuta asubuhi natapika, wala hakuuliza. Baadaye akaniita jikoni. Akaniambia polepole, bila ukali, kwamba maziwa ya mwenye mimba ni ya yule wa tumboni. Aliye nje akiyanywa anakunywa sumu. Ndiyo maana hakui!

Nikaukumbuka ule mstari. Tangu Machi. Na mimba ni ya tangu Machi! Kumbe ni mimi.

Ameachishwa leo hii hii. Atalala na nyanya yake. Nimejifunga leso kifuani, nimeikaza mpaka napumua kwa shida.

Alhamisi, 23 Mei
Analia, nami nalia upande huu wa pazia. Leso inalowa tu.

Anakula uji wa mahindi, ugali na supu ya sukuma. Mayai aliyokuja nayo mama mkwe hapewi—mtoto ambaye hajaongea akila yai atachelewa kuongea. Nikasema, lakini Sista alisema ale mayai. Mama mkwe akacheka. Yeye amelea saba, Sista amelea wangapi? Mayai amekula Baba Griffins. Nitabishana vipi na mtu aliyelea saba?

Jumanne, 4 Juni
Nane na robo. Ameshuka! Yuko chini ya mstari wa mwisho kabisa.

Sista Mbeti akauliza mbele ya foleni yote kama bado ananyonya. Nikasema ndiyo; ningesema hapana angejua nina mimba. Mwezi jana alimfokea mwenzetu mmoja aliyekuja na tumbo mbele na mtoto mgongoni, mpaka mwenzetu akalia. Sikutaka leo iwe zamu yangu. Nilirudi nyumbani nikimchukia Sista, nikiichukia mizani, nikimchukia Baba Griffins na mayai yake. Mungu nisamehe, hata tumbo langu.

Ijumaa, 21 Juni
Mashavu! Griffins ana mashavu!

Sikuthubutu kuandika wiki nzima nisije nikaharibu. Lakini leo Warigia mwenyewe ameniita kutoka kibandani: "Mama Griffo! Ala, huyu kijana amejaa! Unampea nini siku hizi?" Uso umekuwa mviringo, miguu imenona, ngozi inang'aa. Nywele zimekuwa nyekundu-nyekundu, Warigia akamtania eti ni mzungu wa Dandora. Na ametulia! Halii tena, hachezi sana, anakaa pale unapomweka.

Mama mkwe hakusema nilikuambia. Nimemshika mkono nikamshukuru.

Jumanne, 2 Julai
Sijui nianzie wapi.

Aliyepima leo ni msichana mgeni, si Sista. Kilo tisa na robo! Kilo nzima kwa mwezi mmoja! Mstari umeruka kama panzi. Nikapiga kigelegele pale pale, wanawake wakacheka, mmoja akanipigia makofi. Nikawaonyesha kadi bila kuombwa. Mimi!

Sista Mbeti akatoka ofisini kuona kelele ni za nini. Hakuangalia kadi. Alimwangalia Griffins. Akamkalisha mezani, akashika mguu wake, akabonyeza juu ya wayo kwa kidole gumba, akaachilia.

Shimo likabaki. Shimo la kidole, kwenye mguu wa mwanangu, halijai. Kama umebonyeza unga uliokandwa.

"Mama, hii si nyama. Hii ni maji." Kisha, kwa sauti ya chini: "Uliacha kumnyonyesha lini?"

Safari hii nikasema ukweli. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliandika barua ya hospitali kubwa, akasema twende sasa hivi, tusipitie nyumbani.

Yale mashavu niliyabusu. Nilimshukuru mtu kwa ajili yake!

Alhamisi, 4 Julai
Wodini. Kitanda kimoja watoto wawili. Mwenzake ni Shirleen, wa mama mmoja wa Njiru, naye amevimba hivi hivi. Daktari anauita ugonjwa huu unyafuzi, wa mtoto kukosa vyakula vya kujenga mwili. Anasema lazima uzito ushuke kwanza, maji yatoke, ndipo nyama ijengeke.

Miezi yote hii nimeomba upande. Sasa niombe ushuke.

Jumamosi, 6 Julai
Jana walishuka wote wawili. Nesi alifurahi. Mimi naona mbavu.

Leo alfajiri Shirleen hakuamka. Mama yake amekunja blanketi vizuri sana, pembe kwa pembe, kisha akakaa juu yake.

Alishuka kama Griffins anavyoshuka. Basi nitajuaje huyu wangu anashuka kwenda wapi? Nimemuuliza nesi. Amesema tungoje aanze kutaka kula.

Jumapili, 7 Julai
Hataki. Kikombe anageuza uso, kijiko anageuza uso. Daktari amepita, nikamuuliza kwa kunong'ona habari ya maziwa yangu na hii mimba. Amesema hakuna sumu. Hajawahi kuona sumu. Akitaka, mpe.

Mama mkwe alinitumia neno jana kupitia kwa Baba Griffins: mtoto akishaachishwa kwa ajili ya mimba akarudishwa kifuani, anakufa. Na atakuwa ameuawa na mama yake.

Shirleen hakurudishwa kifuani.

Nimemlaza mapajani niandike. Mkono wake umetoka kwenye blanketi, umepanda, umeshika kifungo cha blauzi yangu. Mara yake ya kwanza kushika kitu tangu tuje! Anavuta. Hana nguvu, lakini anavuta.

Kengele ya wageni imelia. Namsikia mama mkwe koridoni, anauliza kitanda cha Griffins ni kipi. Sijui kama bado kuna tone. Naandika kwa mkono mmoja, maana kifungo nimekifungua, na yeye