Mzee wa Chumba cha Ndani Anakusalimu, Dada

Ni mwaka mmoja sasa tangu uliposhuka zile ngazi kumi na nne za ofisi, ukamwambia fundi cherehani wa chini, "Kifua kinanibana kidogo. Akija mtu mwambie nimetoka." Hukupanda tena. Mpaka leo fundi akiulizwa anajibu kwamba umetoka, na sisi tumemwacha aendelee kusema hivyo hivyo.

Dada yetu, watu wengi walikujua kwa sauti ya simu tu. Walidhani unapokea simu. Hawakujua kwamba ofisi nzima ilikuwa wewe: makubaliano, tarehe, barua, ahadi za kutimizwa na ahadi za kukataliwa. Kuchora hukujua hata kikombe. Mchoraji alikuwa mdogo wako, Kibiriti, jina ulilompa mwenyewe akiwa darasa la tatu kwa sababu aliwaka bila kusuguliwa sana. Yeye alichora. Wewe ulihakikisha kuchora kunaitwa kazi.

Na kulihitaji mtu wa kuhakikisha. Sisi hatusahau. Tunamkumbuka yule wa hoteli aliyetaka picha nane za ukutani "za kuangalia tu" kabla ya kuamua, akaziangalia, akaamua kumpa shemeji yake azinakili. Tunamkumbuka yule wa mashindano aliyesema kazi yetu haitalipwa ila "itaonekana", kana kwamba Kibiriti alikuwa amepotea na watu wanamtafuta. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusimama kwa fundi wa chini akamwambia nishonee suti tatu nichague moja, hizo mbili baki nazo. Kwa fundi walikuwa na adabu. Adabu hiyo waliiacha chini, wakapanda ngazi bila hiyo.

Kibiriti alitaka kuwajibu hapo hapo. Siku moja alimfukuza mtu mpaka ngazi ya mwisho, brashi mkononi, rangi ya buluu inadondoka. Wewe ulikuwa na njia yako, na njia yako ilikuwa Mzee.

Watakaosoma tangazo hili na hawakumjua Mzee wasione vibaya. Hakuna aliyewahi kumwona. Mteja akileta ombi la ajabu ulikuwa unashusha pumzi, unasema, "Mimi ningekubali hata sasa hivi, ndugu yangu. Tatizo Mzee. Ngoja nikajaribu." Unaingia chumba cha ndani, unafunga mlango. Ndani yupo Kibiriti na meza yake, basi. Unakaa juu ya ndoo ya rangi, unafungua kopo lako la karanga na kutafuna polepole: karanga kumi kwa ombi dogo, ishirini kwa ombi la kipuuzi. Kisha unatoka na uso wa mtu aliyefokewa. "Amekataa. Tena amenigombeza." Na mteja, yule yule aliyekuja kutunyonya, anaanza kukupa pole!

Kibiriti aliamriwa asipumue kwa nguvu. Ila siku moja karanga aliyoidokoa kwenye kopo lako ilimpalia, akakohoa. Nje alikuwepo mfanyabiashara mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu. Mlisikia kiti kikisukumwa nyuma.

"Shikamoo, Mzee!"

Kibiriti, miaka ishirini na tisa, rangi puani, akakutumbulia macho. Ukamfinya.

"Marahaba," akajibu kwa sauti ya kisima.

Yule bwana alitia saini akiwa amesimama.

Jioni ile Kibiriti alipandwa na hasira. "Dada, huu ni uongo. Kwa nini tusiwaambie usoni kwamba tumekataa sisi?"

"Nikikataa mimi, ataniona mkorofi," ulimjibu. "Akikataa Mzee, ataniona mwenzake, na kesho atarudi. Wewe unataka kushinda, mdogo wangu. Mimi nataka arudi."

Hakukubali. Alikuwa na lake jingine moyoni, na hilo lilikuwa Bodi.

Unamkumbuka Mama Vitabu, afisa wa kampuni ya vitabu vya watoto, aliyetupa kazi kwa miaka kumi na moja. Yeye kila alipokuja alikuja na Bodi mdomoni. Bodi haijampenda simba. Bodi inaomba mvua ipungue. Bodi inamwona twiga ana huzuni. Twiga yule aliporudishwa mara ya pili, Kibiriti alikaa chini akaiandikia Bodi barua ya kurasa nne kwa wino mwekundu, akawauliza waheshimiwa ni nani kati yao aliyewahi kukutana na twiga akicheka. Ulipokea barua, ukaikunja, ukasema, "Nitaifikisha." Twiga wa tatu alipita bila maelezo. Jibu halikuja. Miaka tisa Kibiriti aliihesabu dharau hiyo, akaitaja kila sikukuu.

Ulipoondoka, meza yako ikawa yake. Wiki mbili za kwanza aliwaambia wateja watatu ukweli wote usoni. Hawakurudi. Mama akamwita.

"Mwanangu, ofisi ile ni jasho la dada yako. Nakupa mpaka mwaka utimie. Ukiona huwezi kukaa na watu, sema mapema. Ufunguo atarudishiwa mwenye nyumba, nawe utachora hapa kwangu barazani."

"Mama, watu wenyewe ndio..."

"Nimesema uwezo wako. Watu sikuwataja."

Tangu siku ile ufunguo wa akiba ulikaa kwa Mama, kwenye msumari juu ya kitanda chake, na Kibiriti akienda kumsalimu alikuwa anautazama kuliko alivyomtazama Mama. Alijitahidi. Alimeza maneno mpaka akakonda. Lakini kumeza peke yake hakukuwa kuongoza ofisi, na wateja walioachwa na wewe walibaki wachache.

Mwezi uliopita Mama Vitabu alipanda ngazi. Mkononi alikuwa na vitabu sita vya kuchorwa, kazi ya mwaka mzima. Kazi hiyo ingeinusuru ofisi. Ila kwenye karatasi kulikuwa na mambo mawili mapya: marekebisho yasiyo na kikomo, na michoro yote halisi, ile ya mkono wenyewe, iwe mali ya kampuni moja kwa moja.

"Bodi imesisitiza, mdogo wangu," alisema.

Dada, unajua lililokuwa kooni mwake. Lilikuwa limekaa humo miaka tisa. Mishipa ya shingo ilimsimama, mdomo ukafunguka. Kisha akashusha pumzi.

"Mimi ningekubali hata sasa hivi, mama," akasema. "Tatizo Mzee. Ngoja nikajaribu."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Ndoo ilikuwa pale pale. Kopo lilikuwa dirishani, karanga zako zile zile za mwaka jana, zimekuwa na ladha ya sabuni. Ombi lilikuwa la kipuuzi, kwa hiyo zilikuwa ishirini. Alizila zote, moja moja. Kwenye ya nane machozi yalimtoka, akaendelea kutafuna. Ilipofika ya ishirini alitafuta hasira yake, akaikuta imepoa.

Akatoka. "Amekataa. Marekebisho ni mara mbili, na michoro halisi inabaki humu. Tena amenigombeza."

Mama Vitabu aliinamia meza.

"Amekula ngapi?"

"Ngapi nini, mama?"

"Karanga."

Kibiriti akakaa. Ndipo yule mama akacheka mpaka akavua miwani. "Dada yako alinieleza mwaka ule wa pili tu. Na mimi nikamweleza habari za Bodi yangu."

"Bodi ina nini?"

"Haipo. Nafunga mlango, nakunywa chai, naangalia dirishani. Watu wawili ambao hawapo ndio waliotufanya tusigombane miaka yote hii." Akafungua mkoba, akatoa karatasi nne zilizokunjwa, wino mwekundu. "Hii dada yako aliniletea mwenyewe. Bodi iliisoma yote, mara mbili. Unadhani yule twiga wa tatu alipitaje?"

Kisha akakata mistari yote miwili kwa kalamu yake, akatia saini.

"Msalimie Mzee."

"Naye anaisalimu Bodi," Kibiriti akajibu.

Tusikufiche: alikukasirikia mpaka alasiri. Miaka tisa ya chuki nzuri, imara, kwa watu wasiokuwepo, nawe ukamwangalia tu! Halafu akaja kwa Mama kusimulia, na alipofika kwenye karanga akashindwa kumaliza, akacheka ameinama, ameshika ukuta. Mama aliinuka. Aliingia chumbani, akautoa ufunguo kwenye msumari, akamtia mfukoni mwa shati kama anavyotiwa mtoto nauli.

Kitabu cha kwanza kimekwisha. Kina twiga. Amechorwa anacheka, kwa ajili yako. Mumeo amenunua karanga mpya na kujaza kopo, na amemwonya Kibiriti kwamba haziliwi ila kwa kazi.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, mume wako, binti zako wawili, mdogo wako Kibiriti, fundi cherehani wa chini, pamoja na Mama Vitabu na Bodi yake yote.

Daima tutakukumbuka, Dada. Na mtu akipanda ngazi akakuulizia, tutamvutia kiti, tutamwambia asubiri: umeingia ndani mara moja kuzungumza na Mzee.